Oili ya gia kwenye Mercedes ya zamani: kipimo ndicho kazi yenyewe

Ukipita gereji tatu za Mombasa kuuliza kama Mercedes iliyofikisha miaka ishirini ibadilishwe oili ya gia, huenda mbili zikakwambia iache ilivyo. "Ukiigusa tu, inakufa." Maneno haya hayakuzuka hivi hivi. Mwenye gari hukaa miaka kumi na zaidi bila kufungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, gia zikianza kuteleza ndipo anapokumbuka oili, na wiki moja baada ya kubadilisha gari halitoki getini. Lawama inabebwa na oili mpya, ilhali sahani za klachi zilikuwa zimekwisha kabla hata bolti ya kwanza haijafunguliwa.

Lakini zipo giaboksi nyingine, nzima kabisa, ambazo kweli zilianza kuumwa siku ya kubadilisha oili. Hizo ziliponzwa na makisio. Fundi alimwaga bila kupima, akatia alichokisia, akasoma kijiti cha kupimia oili injini ikiwa imezimwa, akafunga boneti. Kufungua na kufunga sampu hii hakumshindi mtu mwenye jeki na spana nzuri. Kinachowashinda wengi ni kipimo.

Giaboksi tunayoizungumzia ni 722.6, otomatiki ya gia tano, inayoendeshwa na kompyuta. Ilianza kufungwa mwaka 1996, na utaikuta kwenye Mercedes za miundo ya W202, W210, W203, W220 na W211 za mwanzo. Kama lako ni W124 yenye gia nne, hilo lina kijiti chake tangu kiwandani na linatumia oili ya Dexron. Mengi ya hapa hayakuhusu. Na kama lako lina gia saba, 722.9, halina hata bomba la kuingiza kijiti: oili inapimwa kwa kumwagika yenyewe kupitia tundu la chini ikiwa na nyuzi joto 45. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, usiichanganye na hii.

Oili ya maisha, maisha ya nani

722.6 ilipotoka, oili yake ilitangazwa kuwa ya maisha yote ya gari. Baadaye kampuni yenyewe ikageuza kauli, ikaagiza ibadilishwe mara moja kwenye kilomita 60,000. Kwa Pwani sisi tunasema kila kilomita 60,000, na usingoje mita ikwambie.

Sababu ni kwamba oili hii inazeeshwa na joto kuliko inavyozeeshwa na masafa. Tazama foleni ya feri ya Likoni jioni, mwezi wa pili, kaskazi imelegea na AC imewashwa. Gari liko kwenye D, mguu uko kwenye breki, injini inaizungusha konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi, kinachofanya kazi kwa oili) lakini magurudumu yamesimama. Nguvu hiyo haina pa kwenda ila kugeuka joto ndani ya oili. Unasogea hatua tano, unasimama tena. Kilomita haziongezeki, oili inapikika. Gari linaloshinda kati ya Likoni na mjini linaweza kuwa na oili mbovu kuliko lile linalopanda Mariakani kila wiki na kurudi kwa mwendo wa wazi.

Kabla ya kununua chochote, tia kijiti, uangushe matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au ya kahawia inayopenya mwanga, endelea bila wasiwasi. Nyeusi yenye harufu ya ukoko ulioungua, na gari linateleza au linakawia kuingia D, hapo mwambie mwenye gari ukweli mapema: oili mpya haitarudisha sahani zilizoungua. Gari la namna hiyo usiliunganishe na mashine ya kusukuma oili. Fungua sampu uone kilichomo, kisha mzungumze.

Na ikiwa gari linakwama gia ya pili, halipandi wala halishuki, ukizima na kuwasha linarudi sawa kwa muda, hiyo ni kinga. Kompyuta imeona kitu kisichoeleweka ikajifungia. Mara nyingi ni sensa za mwendo zilizo kwenye bamba la umeme ndani ya giaboksi, N2 na N3. Soma kwanza kodi za makosa kwa mashine. Bamba hilo linabadilishwa sampu ikiwa chini na valvu bodi (kitalu cha valvu zinazoelekeza oili) imeshushwa, kwa hiyo kama linahitajika, lifanywe siku hiyo hiyo ili usimwage oili mara mbili.

Oili gani, na vitu gani vya kuwa navyo

Oili iliyotoka na gari ilikuwa ya kiwango cha MB 236.10. Kilichokuja baadaye, 236.12 na 236.14, kinaingia bila tatizo, na 236.14 ndicho chepesi kupatikana. Nyuma ya chupa tafuta namba hiyo ikitanguliwa na neno Approval. Chupa inayosema inafaa kwa Mercedes, Toyota, Nissan, Honda na trekta haijakubaliwa na yeyote kati yao. Shell ATF 134 na Fuchs Titan ATF 4134 ni oili za kiwango hicho cha 236.14, ukizikuta, angalia sili ya kifuniko, maana chupa tupu huokotwa na kujazwa.

Mafundi wengi watakushawishi utie Dexron kutoka mtungi mkubwa, au ATF (oili ya gia ya otomatiki) ya Toyota iliyobaki kwenye Noah ya jana. Oili ni oili, watasema. Siyo. Klachi iliyo ndani ya konveta ya 722.6 haikamati moja kwa moja kama ya zamani. Kompyuta inaiacha iteleze kidogo kwa kipimo, muda mrefu, ili gari liwe laini. Oili isiyochanganywa kwa kazi hiyo inaifanya ishike na kuachia, ishike na kuachia. Ukiwa kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa na mguu mwepesi, utahisi gari linatetemeka kama unapita juu ya ile mistari ya kuonya iliyowekwa kabla ya matuta.

Kiasi: giaboksi nzima inabeba kati ya lita 7.5 na lita 9, kutegemea injini na ukubwa wa konveta. Sampu peke yake inatoa karibu lita 4. Nunua lita 8, na kwa injini kubwa lita 9. Filta ni A140 277 00 95, gasketi ya sampu A140 271 00 80. Ongeza soketi ya plastiki ya plagi ya umeme, A203 540 02 53, hata kama unaona haivuji, na pini nyekundu ya kufungia kifuniko cha bomba, A140 991 00 55. Nunua pia washa mpya (vipete vya kuziba) za bolti za kumwagia. Namba hizi mwonyeshe mwenye duka kwa maandishi. Ukimwambia tu "filta ya gia ya Benzi" atakupa ya W124 na mtapoteza siku.

Vifaa: alenki ya milimita 5, toksi namba 30, soketi ya milimita 7, spana ya toki (ya kupima nguvu ya kukaza kwa Nm) inayosoma namba ndogo, faneli yenye mpira mrefu, na kijiti. Kijiti hakikuja na gari. Bomba liko nyuma ya injini upande wa kulia, na ukifungua kifuniko hukuti kitu ndani, kwa sababu kampuni ilitaka chombo cha kupimia kikae gereji. Vijiti vya kuiga vinauzwa, virefu zaidi ya mita moja, vina alama za nyuzi 25 na nyuzi 80. Fundi asiye na kijiti hicho, wala mashine ya kusoma joto la gia, asipewe kazi hii hata akiwa jirani.

Cha mwisho ni mitungi miwili ya lita tano ya mafuta ya kupikia, ile inayoonyesha ndani. Ioshe na kuikausha kabisa, kisha uichore alama lita kwa lita kwa kalamu ya wino mzito. Mitungi hiyo ndiyo itakayokuamulia kila kitu baadaye.

Kupandisha na kumwaga

Gari lazima liwe sawa, mbele na nyuma. Ndiyo maana tunapenda gereji yenye shimo kuliko yenye jeki: gari linasimama kwa magurudumu yake lilivyo. Usipokuwa na shimo, weka stendi nne. Kwenye uwanja wa mchanga, na Bamburi au Mtwapa viwanja vingi ni hivyo, stendi inazama taratibu bila wewe kuona. Iwekee kipande cha mbao nene chini. Gari la tani moja na nusu halisamehi.

Endesha dakika kumi au kumi na tano kabla ya kumwaga. Oili ya uvuguvugu inashuka na uchafu wake. Iliyochemka kutoka foleni itakuunguza mkono, na bomba la ekzosi linapita pale pale karibu.

Safisha tundu la bolti ya kumwagia kabla ya kuingiza alenki. Gari lililokaa karibu na bahari lina kutu na matope yaliyogandamana humo, alenki inaingia nusu tu, ukiivuta inakula pembe na bolti inakuwa duara. Chokoa kwa msumari, piga brashi, ingiza alenki uigonge kwa nyundo mpaka uisikie imefika mwisho, ndipo uvute. Ukiwa hapo chini, tazama pia sampu yenyewe. Ni ya bati, na hewa ya chumvi huila kuanzia kwenye mikunjo. Ikiwa imeanza kuachia magamba ya kutu, agiza nyingine. Sampu ikitoboka barabarani, giaboksi inamaliza oili kabla hujajua.

Mwagia kwenye beseni safi, kisha mimina kwenye mtungi na uandike: sampu, lita ngapi. Acha itone mpaka matone yahesabike.

Sampu ina bolti sita za toksi 30 na vishikizo vyake. Ilegeze kona moja kwanza ili isikumwagikie usoni, maana bado ina oili ndani. Ikishuka, geuza uso kwenye sumaku. Ute wa kijivu kama masizi yaliyochanganywa na mafuta ni wa kawaida, kila giaboksi inao. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa ukucha si vya kawaida. Unga mweusi uliotanda chini ya sampu nzima ni sahani za klachi. Piga picha umwonyeshe mwenye gari kabla hujaosha, si baada ya kuosha.

Filta inavutika chini kwa mkono. Hapa ndipo watu wanapokosea: pete ya mpira ya shingo ya filta ya zamani inaweza kubaki juu kwenye tundu. Ukisukuma filta mpya juu ya pete ya zamani, haikai. Pampu itavuta hewa pembeni, na gari litakuwa linachelewa kuingia D kila asubuhi bila mtu kujua sababu. Ingiza kidole uhakikishe tundu liko tupu. Paka pete mpya oili ya gia kidogo, sukuma filta mpaka ikae.

Sampu ioshwe kwa dawa ya kusafishia breki na kukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pamba za gereji zikae mbali kabisa. Uzi mmoja ukipanda kwenye valvu bodi unaweza kuzuia valvu isirudi. Kusi inapopuliza na mchanga, funika kwa gazeti safi kila kilicho wazi.

Gasketi inafungwa kavu. Silikoni hapana, hata kidogo, hata ya bei ghali. Inayojibana kwa ndani hukatika vipande vikaenda kukaa kwenye filta na kwenye valvu. Bolti zikazwe kwa msalaba, Nm 8 tu. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye mpini mfupi. Anayekaza kwa hasira anapinda ukingo wa sampu au anang'oa meno ya alumini, kisha anasema gasketi ilikuwa feki. Bolti ya kumwagia yenyewe ni Nm 20.

Soketi ya plagi, kidudu kinachoharibu kompyuta

Upande wa kulia wa giaboksi, yaani upande wa dereva kwa magari yetu, nyuma ya kinga ya joto, kuna plagi ya duara ya pini 13. Geuza pete yake kinyume cha saa, itatoka. Ndani mna soketi ya plastiki iliyoshikwa na bolti moja ya milimita 7 katikati, na pete mbili za mpira kuizunguka. Pete hizo zikikauka, oili inaanza kuchuruzika.

Kuchuruzika chini ni afadhali, kwa sababu unaona doa. Balaa ni ikipanda. Oili hujipenyeza ndani ya waya, kati ya shaba na ngozi yake, ikasafiri taratibu mpaka kwenye kompyuta ya gia. Halafu gari linaanza vituko: linakwama gia ya pili, linakataa kuonyesha P kwenye dashibodi, na watu wanabadilisha giaboksi kwa kosa la mpira wa bei ya chai na mahamri. Kwa hiyo badilisha soketi, na baada ya hapo ifuate waya hadi kwenye kompyuta, fungua plagi yake uangalie. Ikiwa na unyevu wa oili, safisha pande zote mbili kwa dawa ya umeme, uikaushe, na urudie kuangalia baada ya wiki mbili, kwani oili iliyomo ndani ya waya bado inapanda.

Konveta

Magari ya mwanzo yana bolti ya kumwagia kwenye konveta. Toa kizibo kilicho chini ya nyumba ya konveta, kisha zungusha injini kwa mkono kwa soketi ya 27 kwenye bolti ya puli ya mbele, kwa uelekeo wa saa, mpaka bolti itokeze kwenye dirisha. Usiizungushe kwa stata. Alenki ni ile ile ya 5. Hapo zinatoka lita 3 na zaidi, ziandike kivyake. Rudisha bolti na washa mpya, na usiikaze kwa fujo.

Magari ya baadaye bolti hiyo iliondolewa. Njia ya kwanza ni ya subira: badilisha ya sampu, tembea wiki moja mbili, mwaga tena. Kwa giaboksi ya lita 8 ukitoa 4 kila mara, mara ya kwanza umebaki na nusu mpya, mara ya pili robo tatu, mara ya tatu karibu asilimia 88. Filta si lazima ibadilishwe kila mara, ya kwanza tu inatosha. Njia ya pili ni kufungua, pale kwenye redieta, bomba linalorudisha oili kwenye giaboksi, kuelekeza kwenye mtungi wenye alama, na kuwasha injini. Zikitoka lita 2, zima mara moja, tia lita 2 mpya, rudia. Huyo wa kuzima awe ndani ya gari, mkono kwenye ufunguo, kwa sababu pampu haina huruma na mtungi unajaa haraka kuliko unavyodhani. Sisi tunapendelea ya kwanza kwa gari ambalo historia yake haijulikani. Inagharimu chupa nne zaidi, lakini hakuna dakika ambayo pampu inanusa hewa.

Kujaza

Jumlisha. Tuseme sampu imetoa lita 4.1, konveta lita 3.4, na filta ya zamani na vitambaa vimekunywa kama lita 0.2. Jumla ni 7.7. Hicho ni kianzio tu. Gari lililokuwa likivuja lilikuwa limepungukiwa tangu awali, na gari lililojazwa kwa makisio lilikuwa limezidi. Usitie 7.7 zote.

Anza na lita 4 injini ikiwa imezimwa, kwa mkondo mwembamba, faneli isiwe ile ya mafuta taa. Washa injini, na bila kuchelewa ongeza polepole mpaka ufike karibu lita 7. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia R, N, D, ukikaa sekunde chache kila moja, ili mifereji ya ndani ijae. Sasa soma kijiti kwenye P, injini ikinguruma. Injini ikizimwa, oili ya ndani inashuka kwenye sampu na kijiti kitakudanganya kuwa imejaa. Kosa hili peke yake limekausha giaboksi nyingi.

Alama ya chini ni ya nyuzi 25. Mombasa oili iliyolala usiku kucha haiko mbali na hapo, kwa hiyo alama hiyo inakufaa kuanzia. Lakini ni ya kuanzia tu. Oili inavimba ikipata joto, na tofauti kati ya 25 na 80 kwenye kijiti ni kubwa mpaka inashangaza mara ya kwanza. Anayejaza mpaka alama ya 80 wakati gari ni la baridi amezidisha bila shaka.

Kupata nyuzi 80 kunahitaji kuendesha, si kunguruma uani. Toka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, karibu nusu saa. Halafu soma joto kwa mashine. Na hapa kuna mtego ambao mafundi wengi hawaujui: sensa ya joto ya 722.6 imeunganishwa kwa mfuatano na swichi inayoruhusu stata. Gari likiwa P au N, saketi imekatika, na kompyuta inaonyesha joto la injini badala ya joto la gia. Utaona 88 kwenye skrini, ukadhani umefika, kumbe oili ya gia ina 60. Mtu akae ndani, mguu kwenye breki, handibreki juu, atie D. Hapo namba inayoonekana ndiyo ya gia. Ikifika 80, rudisha P na usome kijiti papo hapo.

Kijiti kifutwe, kiingizwe mpaka kiguse chini, kitolewe, kisomwe. Rudia mara tatu. Bomba lina oili iliyogandia ukutani, na usomaji wa kwanza huwa mchafu. Ukipata tatu zinazolingana, amini. Ongeza kwa mililita 200, si kwa chupa.

Ikiwa imezidi, toa. Usiseme itajipunguza. Oili ikipanda hadi kuguswa na gia zinazozunguka, inapigwa mpaka inatoa povu kama tui lililokorogwa kwa nguvu. Povu lina hewa, hewa inabanwa, presha inaanguka, sahani zinateleza na kuungua, huku oili ikitapikwa kupitia tundu la kupumulia na mwenye gari akidhani sili imepasuka. Kuitoa tumia bomba jembamba la plastiki na sirinji kubwa kupitia pale pale pa kijiti. Ikipungua, dalili ni nyingine: gari linasita kuingia D au R, au linapoteza nguvu kwenye kona na mlima, oili ikikimbilia upande mmoja.

Rangi ya rozi

Kitu kimoja kinaweza kuharibu kazi yote hii hata ukiwa umepima kwa mizani ya dhahabu. Oili ya gia inapozwa ndani ya redieta, ukuta mwembamba ukiitenga na kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Kwenye W203 na W211 za mwanzo, redieta za kwanza zilijulikana kwa ukuta huo kupasuka kwa ndani. Kulanti ikiingia, hata kidogo, inalainisha gundi ya sahani za klachi, na dalili ya kwanza ni ule mtetemo wa konveta ambao watu wanausingizia oili mbaya. Ikiingia nyingi, oili inatoka kama maziwa yaliyotiwa sharbati ya rozi. Gari la umri huo lenye redieta yake ya kiwandani, badilisha redieta kabla ya kununua hata chupa moja ya oili. Tusingekushauri kuiunga.

Angalia pia mabomba yanayopeleka oili mbele. Pale chuma kinapoungana na mpira, pamebanwa kwa pete, na pete hiyo inashikwa na kutu. Ikitoa jasho la oili leo, itavuja mwezi ujao.

Kompyuta ya gia ilikuwa imezoea oili ya zamani, na imejirekebishia presha yake. Mashine nzuri inaweza kuifutia mazoea hayo. Usipokuwa nayo, endesha kwa mguu mwepesi siku chache, ukipanda gia zote kwa utulivu, nayo itajifunza upya. Gia ikigonga kidogo siku ya kwanza kisha ikatulia, si tatizo. Inayogonga zaidi kila siku, rudi kwenye kijiti kwanza.

Oili ya zamani iweke kwenye mitungi ile ile. Mitaro yetu inaishia baharini, na wanaopaka mbao na nguzo dhidi ya mchwa wataifuata wenyewe.

Asubuhi yake tandika boksi la kadibodi chini ya gari, liache lilale hapo usiku unaofuata, ukague matone chini ya sampu na chini ya plagi. Baada ya kilomita 100 soma kijiti tena, kwa nyuzi 80, kwa utaratibu ule ule. Ukiridhika ndipo ubonyeze pini nyekundu kwenye kifuniko mpaka ilie tak, kisha ubandike kipande cha plasta ndani ya boneti: tarehe, kilomita, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na jina la oili.